Bili imeruka kutoka uniti 14 hadi 86. Bomba lililo baada ya dira ni mali ya nani?

#1 NyumbaYaMwisho (Jumanne, saa 2:10 usiku)

Wakuu, salaam. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho mtaani. Dira yetu ya maji haiko nyumbani, iko kule barabarani karibu na nguzo ya umeme, pamoja na dira za majirani wanne. Kutoka pale hadi ukutani kwangu ni kama mita 70, na bomba limepita chini ya njia ya magari.

Miezi yote tunatumia uniti 13, 14, ikizidi sana 16. Tuko watu sita, hatuna bustani, hatuuzi maji. Mwezi huu bili imekuja uniti 86, shilingi 146,000 na ushee. Nimekwenda ofisi ya maji ya mji wetu (mji sitautaja, nisije nikaonekana natafuta ugomvi). Wakatuma kijana, akasoma dira, akasema imesomwa sawasawa, na kama kuna uvujaji ni "wa kwako mama, sisi mwisho wetu ni kwenye dira".

Swali langu: hivi kweli? Hizo mita 70 za bomba mimi sikuzilaza, sikuzichagua, na zimepita kwenye barabara ya umma. Nitawajibikaje kwa kitu nisichokiona?

---

#2 FundiRoli (saa 2:31 usiku)

Pole dada. Kijana kasema kweli. Kutoka bomba kubwa hadi kwenye dira ni kazi ya mamlaka. Kutoka dira kuja ndani, pamoja na koki, tenki, choo na kila tone linalopita, ni mzigo wako. Fomu uliyosaini siku ya kuunganishiwa imeandika hivyo.

Tuanze na hesabu. Uniti moja ni lita 1,000. Umezidisha uniti 72, yaani lita 72,000. Gawanya kwa siku 30 ni lita 2,400 kwa siku, lita 100 kwa saa. Hilo si jambo kubwa kama unavyofikiri. Tundu la milimita 2, kama kijiti cha kiberiti, kwenye maji yenye nguvu ya kupanda mita 10 tu, linatoa karibu lita 95 kwa saa. Una tundu mahali.

---

#3 Mkaguzi_wa_Bili (saa 2:44 usiku)

Mimi nasema hewa. Mtoa mada, mtaani kwenu kuna mgao? Maji yakikatika bomba linajaa hewa. Yakirudi yanaisukuma hewa mbele, inapita kwenye dira kwa kasi na kuizungusha. Watu wanalipia upepo nchi hii.

---

#4 NyumbaYaMwisho (saa 2:52 usiku)

Mgao upo. Maji yanatoka Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kutwa na kucha. Siku nyingine makavu kabisa. Dira kweli huwa inazunguka kwa vurugu maji yanaporudi, hata majirani wanasema.

---

#5 Msoma_Dira_Mstaafu (saa 3:05 usiku)

@Mkaguzi_wa_Bili nimesoma dira miaka 11, nimetukanwa na kukimbizwa na mbwa kwa ajili ya hiyo hewa. Hewa ipo, sikatai. Lakini piga hesabu. Bomba la inchi moja lenye urefu wa mita 100 linabeba lita kama 50 tu. Hata likijaa hewa mara tatu kwa wiki, kwa mwezi hufikishi hata uniti moja. Hizo 72 zimetoka wapi?

---

#6 Mkaguzi_wa_Bili (saa 3:12 usiku)

Mzee, umehesabu bomba lake peke yake. Hewa haitoki kwenye bomba lake, inatoka kwenye bomba la mtaa. Bomba la inchi 4, kilomita moja, lina ujazo wa lita zaidi ya 7,800. Na yeye ndiye nyumba ya mwisho! Hewa yote ya mtaa inatafuta pa kutokea, inatokea kwake.

---

#7 Msoma_Dira_Mstaafu (saa 3:20 usiku)

Hapo umeniongezea kitu, nakubali kwamba mwisho wa mstari ndiko hewa inakojikusanya. Ndiyo maana mstari uliojengwa vizuri huwekewa valvu ya kutoa hewa. Lakini nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwisho pia mwezi uliopita, na mwaka juzi. Kwa nini uniti 14 zote hizo kisha ghafla 86?

---

#8 FundiRoli (saa 3:26 usiku)

Ngoja nijisahihishe kabla hamjanisahihisha. Nilipiga hesabu ya siku 30 wakati maji yanatoka siku tatu kwa wiki. Hizo ni siku 13 kwa mwezi, saa 312. Lita 72,000 kwa saa 312 ni lita 230 kwa saa. Basi tundu si la kijiti cha kiberiti. Ni bomba lililoachia kwenye maungio, au limepasuka. Na kwa wingi huo ardhi lazima iseme. Dada, hakuna sehemu yenye tope au majani yaliyostawi kiangazi hiki?

---

#9 NyumbaYaMwisho (saa 3:40 usiku)

Mmenishtua. Kwenye ukingo wa ile njia, upande wa mtaro, kuna magimbi yameota yenyewe. Wanangu wanayasifia kwamba yamenenepa. Nilidhani ni maji ya kuogea ya jirani.

---

#10 BintiWaShangani (saa 3:48 usiku)

Magimbi kiangazi, bila ya mtu kuyamwagia? Dada, msikate tamaa, angalau mtapata futari 😄

Huku kwetu Unguja wazee wetu walizoea maji ya mfereji hayana bili. ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, imekuja kwa sheria ya mwaka 2006, na mpaka leo wako watu wazima ukiwaambia habari ya kulipia maji wanakutazama kama umewatukana. Kwa hiyo mtu bomba likivuja nyumbani kwake haoni kama kuna hasara. Koki inatiririka usiku kucha na yeye kalala.

---

#11 Mzee_wa_Magati (Jumatano, saa 12:20 asubuhi)

Binti hapo juu kagusa kiini. Tatizo letu kubwa ni malezi, bomba ni la pili. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mtu awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka anapoishi. Maji yalikuwa bure. Kizazi chetu kikakua kikijua kwamba bomba ni la serikali, likiharibika serikali itakuja. Leo tunaambiwa bomba ni lako kuanzia kwenye dira, na hakuna aliyetukalisha chini akatuonyesha mpaka uko wapi.

---

#12 Mkaguzi_wa_Bili (saa 1:02 asubuhi)

Shikamoo mzee. Sahihisho dogo: mpango ule wa 1971 ulikuwa wa maji vijijini. Mijini bili zilikuwepo kwa waliokuwa na bomba ndani. Marehemu babu yangu alikuwa na risiti za maji za Tanga za miaka hiyo, zimekunjwa ndani ya Msahafu.

---

#13 Mzee_wa_Magati (saa 1:15 asubuhi)

Marahaba. Umenikosoa vizuri, ni wa vijijini. Lakini waliohamia mijini walitoka wapi kama si vijijini? Walikuja na mazoea yao.

---

#14 Kaka_Ploti (saa 2:30 asubuhi)

Salamu kutoka Nakuru. Kwetu shida ni hiyo hiyo ila kwa wapangaji ndiyo mbaya zaidi. Ploti ina nyumba 16 na mita moja ya kampuni. Landilodi anagawanya bili kwa vichwa. Mwenye mtoto mmoja na mwenye mashine ya kufua nguo wanalipa sawa. Choo cha nyumba namba 7 kilikuwa kinavuja miezi mitatu, sote tukalipia. Mwenye choo alisema si kazi yake, ni ya landilodi. Landilodi akasema aliyekiharibu akitengeneze. Na fundi alihitaji mpira wa bei ya soda mbili tu.

---

#15 FundiRoli (saa 2:41 asubuhi)

@Kaka_Ploti choo ndicho mwizi mkubwa kuliko koki, maana hakina kelele. Kukipima ni rahisi: tia rangi ya chakula au unga wa juisi nyekundu kwenye tenki la choo, usiflashi, subiri nusu saa. Rangi ikishuka kwenye bakuli, mpira wa chini umekwisha.

Kuhusu mita moja kwa nyumba 16, wekeni mita ndogo ndogo za ndani. Kampuni haitazisoma, mtazisoma wenyewe, lakini ugomvi utapungua.

---

#16 Mama_Kodi (saa 3:10 asubuhi)

Mimi ni mwenye nyumba, naomba nisikilizwe na mimi. Mpangaji wangu alihama usiku akaniachia deni la maji la miezi mitano. Nilipopata mpangaji mpya ofisi ikagoma kurudisha maji mpaka deni liishe, kwa sababu akaunti ina jina langu. Nikalipa. Tangu hapo namba ya kumbukumbu ya malipo inaingia kwenye simu yangu, naona bili kila mwezi, na mpangaji asipolipa mwezi mmoja namfuata. Wapangaji wananiona mnoko. Lakini kama bomba ni langu na deni ni langu, basi na jicho liwe langu.

---

#17 Kaka_Ploti (saa 3:22 asubuhi)

Jicho sawa mama, lakini choo kikivuja utatengeneza au utasema tumeharibu?

---

#18 Mama_Kodi (saa 3:25 asubuhi)

Kikichakaa natengeneza. Kikizibwa na pampasi unalipa wewe.

---

#19 AfyaKata (saa 5:05 asubuhi)

Mmefika kwenye pampasi, sasa niruhusuni. Uzi mzima mnazungumzia maji yanayoingia. Nimefanya kazi ya afya ya mazingira ngazi ya kata muda mrefu, na maji yanayotoka ndiyo yanayonikosesha usingizi.

Kwa aliyeunganishwa na bomba la majitaka la umma, bomba la kutoka nyumbani hadi chemba ya mwisho kabla ya bomba la mtaa ni lake. Likiziba humo, anazibua yeye. Likiziba kwenye bomba la mtaa, ni kazi ya mamlaka. Shida ni kwamba kinachoziba bomba la mtaa kimetoka majumbani. Nimesimama kwenye chemba zilizofunguliwa nikaona pedi, nepi, matambara ya deki, mifupa, mchanga wa kusugulia sufuria, na mafuta ya kukaangia yaliyoganda yakawa kama sabuni ya mche. Mafuta yanamwagwa yakiwa moto, yanaonekana kama maji. Yakifika mbele kwenye ubaridi yanaganda, pedi inanasa pale, kisha mchanga, na bomba linaziba. Mtaa mzima unanuka, na aliyeanzisha hajui kama ni yeye.

Jambo la pili, mvua. Watu wanachukua maji ya paa na ya uani wanayaelekeza kwenye chemba ya majitaka ili uwanja ukauke. Mabomba yale hayakupimwa kubeba mvua. Masika yakianza mifuniko inainuka, uchafu unatoka mtaani, na katika nyumba zilizo bondeni unarudi juu kupitia vyooni.

---

#20 BintiWaShangani (saa 5:30 asubuhi)

Ahsante bwana afya. Hapa Mji Mkongwe mabomba ya majitaka yanaishia baharini. Kila nnachotia chooni nakutana nacho ufukweni. Wauza vyakula wa Forodhani, pale pwani, wangelijua hayo wangelichuja mafuta yao.

---

#21 Mtanzania_Mbali (saa 6:15 mchana)

Nasoma nikiwa London. Hilo la mafuta msidhani ni la kwetu tu. Mwaka 2017 mtaa wa Whitechapel walikuta chini ya barabara bonge la mafuta yaliyogandana na vitambaa vya kufutia watoto, urefu mita 250, uzito tani 130. Kipande chake kiliwekwa kwenye makumbusho ya jiji, watu wakaenda kukitazama.

Kuhusu swali la mtoa mada: hapa Uingereza mpaka wa bomba la maji safi kwa kawaida uko kwenye mpaka wa kiwanja chako. Lililo chini ya barabara ni la kampuni, lililo ndani ya kiwanja ni lako. Na majitaka, zamani mabomba yanayochangiwa na nyumba kadhaa yalikuwa ya wenye nyumba, wakawa wanagombana kila likiziba. Tarehe 1 Oktoba 2011 mabomba mengi ya aina hiyo yalihamishiwa kwa kampuni za maji kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo mpaka unaweza kusogezwa. Ni uamuzi wa watu.

---

#22 NyumbaYaMwisho (saa 6:40 mchana)

@Mtanzania_Mbali hilo la mpaka wa kiwanja ndilo ninalolilia mimi! Ningewajibika kwa kilicho ndani ya ukuta wangu bila neno. Lakini dira imewekwa mita 70 kabla ya ukuta, kwa urahisi wa msomaji, na njia yote ya katikati nimeangushiwa mimi.

---

#23 Msoma_Dira_Mstaafu (saa 7:02 mchana)

Dira zinawekwa barabarani kwa sababu mbili, na urahisi wa msomaji si ya kwanza. Ya kwanza ni wizi. Dira ikiwa uani kwa mtu, bomba linalotangulia dira linapita ndani ya kiwanja chake, na usiku mmoja fundi wa mtaani anatosha kulitoboa na kuvuta maji yasiyohesabiwa. Nimekuta nyumba ina dira inayosoma uniti 3 kwa mwezi na nyuma kuna kiwanda cha matofali. Maji hayo yanaingia kwenye hesabu ya maji yanayopotea, na yanayopotea yanalipwa na sisi tunaolipa.

Ya pili ndiyo usomaji. Uani kuna mbwa, kufuli, mwenyeji hayupo, basi msomaji anakadiria. Na makadirio ndiyo baba wa bili za kushtua. @NyumbaYaMwisho tazama bili zako za nyuma. Hizo 14, 14, 13 zilisomwa au zilikadiriwa? Wakikukadiria chini miezi sita kisha siku moja wakasoma kweli, tofauti yote inakuangukia mwezi mmoja.

---

#24 Mkaguzi_wa_Bili (saa 7:10 mchana)

Hili nalo lina nguvu kuliko hewa yangu.

---

#25 NyumbaYaMwisho (saa 7:35 mchana)

Nimezitoa zote. Nne za mwisho zimeandikwa "usomaji halisi" na ujumbe wa simu ulikuja kila mwezi na namba za dira. Mbili za kabla ya hapo haziko wazi. Kwa hiyo sijui nimshike nani.

---

#26 Mwana_Bondeni (saa 8:20 mchana)

Hamjataja jirani. Dira tano mahali pamoja, mabomba matano yanatoka sambamba. Kwetu fundi aliunganisha bomba la jirani mpya kwenye la kwangu baada ya dira, sijui kwa makosa au kwa makusudi. Nikamlipia maji mwaka mzima, mtu ninayesali naye. Tulipofukua, aliona haya kuliko mimi.

---

#27 FundiRoli (saa 8:31 mchana)

Dada, acha kubahatisha, fanya hivi Jumamosi maji yakiwepo. Funga koki zote ndani. Tenki likijaa hakikisha boya limefunga, maana boya bovu linamwaga maji kwenye bomba la kufurikia usiku kucha bila mtu kujua. Kisha nenda kwenye dira utazame kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka, kuna uvujaji. Halafu fungeni koki kubwa iliyo ukutani kwako. Kikiendelea kuzunguka, uvujaji uko kati ya dira na ukuta. Kikisimama, uko ndani. Chukua picha yenye saa, kwa ajili ya ofisi.

Na wote mnaosoma hapa: msifunge pampu ya kunyonya moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Nimeombwa kazi hiyo mara nyingi na nimekataa. Ukinyonya bomba, msukumo unashuka chini ya kawaida, na kila penye ufa bomba linavuta maji ya nje, na nje ni mtaro. Unawanywesha majirani mtaro. Pampu inavuta kutoka kwenye tenki lako, basi.

---

#28 AfyaKata (saa 8:50 mchana)

Fundi Mungu akubariki kwa hilo. Bomba la maji safi na la majitaka mitaani kwetu mara nyingi yamepita mtaro mmoja. Mgao ukiwepo bomba linakuwa tupu, na ufa unaomwaga nje siku ya maji ni ufa unaonyonya ndani siku ya ukavu. Kwa hiyo dada, uvujaji wako, kama upo, ni habari ya afya ya wanao pia. Chemsheni maji mpaka upatikane.

---

#29 Mwana_Bondeni (saa 9:15 alasiri)

Bwana afya, na sisi tusio na bomba la majitaka? Tunaambiwa tuna wajibu gani? Nyumba nyingi Dar bado ni mashimo. Masika yakija watu wanatapisha vyoo, yaani wanafungulia shimo uchafu uondoke na maji ya mvua. Mvua ikianza tu kunyesha usiku unasikia majembe.

---

#30 AfyaKata (saa 9:40 alasiri)

Wajibu wenu ni mzito kuliko wa walio na bomba. Shimo ni lako, na kinachotoka ndani yake ni chako mpaka kifike kwenye mabwawa ya majitaka kama ya Vingunguti kwa gari la majitaka. Kutapisha choo kwenye mvua ni kosa kisheria, na ni hatari. Mlipuko wa kipindupindu wa 2015 ulianzia Dar es Salaam mwezi Agosti ukasambaa mikoani, na mimi niliusikia kwa harufu ya klorini kila asubuhi kazini. Sikuhukumu anayetapisha kwa sababu amekosa pesa ya gari. Lakini mtoto wa nyumba ya chini anacheza kwenye maji hayo kesho yake.

---

#31 Mwana_Bondeni (saa 9:52 alasiri)

Sikupingi. Ila gari lenyewe haliingii. Vichochoro vyetu bajaji inapita kwa kukunja vioo. Mnatuwekea wajibu bila njia ya kuutimiza.

---

#32 Mzee_wa_Magati (saa 10:30 alasiri)

Hapo kijana ana haki. Wajibu wa mkazi na wajibu wa mamlaka ni kama mti na kamba ya kuanikia, kimoja kikianguka nguo zote chini. Dar imepitia mengi. City Water, kampuni binafsi, wakapewa kusambaza maji mwaka 2003, mkataba ukavunjwa Mei 2005, ikaja DAWASCO, shirika la umma, ikaunganishwa na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, 2018. Kila anayekuja anatukumbusha kulipa bili kwa wakati.

---

#33 Kaka_Ploti (saa 11:05 jioni)

Na kwa upande wa majitaka, Nairobi kwa miaka mingi ukiwa umeunganishwa unatozwa asilimia 75 ya maji uliyotumia. Kwa hiyo dada angekuwa na laini ya majitaka, angelipia pia kuondoa maji ambayo yamelewesha magimbi!

---

#34 NyumbaYaMwisho (Jumamosi, saa 3:15 usiku)

Nimerudi. Ahsanteni wote.

Nimefanya kama FundiRoli alivyosema. Koki zote za ndani zimefungwa, kigurudumu kinazunguka. Koki ya ukutani nimefunga, bado kinazunguka. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akaja na vijana wawili, tukafukua kwenye magimbi. Kimo cha goti tu. Bomba limechomoka kwenye soketi na pembeni lina alama ya jembe au sururu. Hapo hapo ndipo wachimbaji wa waya za mawasiliano walipopita miezi michache iliyopita. Walifukia wakaondoka. Fundi ameunganisha, nimelipa 25,000 pamoja na soketi mbili, na sasa dira imesimama kabisa.

Kwa hiyo bomba "langu" limekatwa na watu nisiowajua, kwenye barabara isiyo yangu.

---

#35 Mkaguzi_wa_Bili (saa 3:28 usiku)

Pole na hongera. Sasa bili iandikie barua. Eleza ulivyopima, weka picha, risiti ya fundi, na jina la mjumbe kama shahidi. Omba waipitie, na kama hawataipunguza omba kulipa kwa awamu. Peleka nakala mbili, moja wagonge mhuri ubaki nayo. Wasipokujibu unaweza kupeleka malalamiko EWURA, wadhibiti wa huduma za nishati na maji, lakini lazima uwe umeanzia kwa mtoa huduma kwanza. Na usiache kulipa kabisa, lipa ile ya kawaida yako, uniti 14, wakati unasubiri. Wakikukatia, gharama ya kurudishiwa inakuja juu yake.

---

#36 Msoma_Dira_Mstaafu (saa 3:36 usiku)

Nyongeza. Bili iliyotangulia ilikuwa ya kawaida, na wachimbaji unasema ni miezi michache. Basi si wao moja kwa moja. Sururu inaweza kuwa ililegeza tu, kisha gari zito likamalizia mwezi huu. Wakikuuliza ofisini uwe na jibu la hilo.

---

#37 Mkaguzi_wa_Bili (saa 3:41 usiku)

Au maji yaliporudi siku moja na hewa ikapiga kishindo, soketi iliyolegea ikachomoka. Sijaiacha hewa yangu mzee.

---

#38 Msoma_Dira_Mstaafu (saa 3:44 usiku)

Nilijua utarudi nayo. Safari hii siwezi kukukatalia.

---

#39 Mama_Kodi (saa 4:02 usiku)

Na fukieni kwa kina safari hii, kimo cha goti kwenye njia ya magari ni kuomba msiba. Ungeweka bomba la chuma nje ya hilo la plastiki pale magari yanapopita.

---

#40 NyumbaYaMwisho (saa 4:10 usiku)

Ndiyo swali langu la sasa mama. Nikichimba barabara kwa kina nahitaji kibali cha nani? Ofisi ya maji wanasema bomba ni langu. Mtaani wanasema barabara si yangu.

---

#41 FundiRoli (saa 4:18 usiku)

Barabara kama ni ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) uanzie kwao, kabla hujagusa lami au kifusi. Kama ni njia ya mtaa tu, serikali ya mtaa na barua ya mjumbe. Mimi ningeomba pia ofisi ya maji wasogeze dira ije ukutani kwako, ulipie gharama ya kuhamisha. Wengine wanakubali.

---

#42 Msoma_Dira_Mstaafu (saa 4:25 usiku)

Watamkatalia kwa sababu ya wizi, nimeshaeleza #23.

---

#43 FundiRoli (saa 4:27 usiku)

Aombe. Dira inaweza kukaa nje ya ukuta, kwenye kisanduku cha saruji kinachotazama njia. Msomaji anasoma bila kugonga geti, na bomba linalotangulia haliingii uani kwake. Nimeshajenga visanduku hivyo vitatu. Dada, nipigie picha ya ukuta wako ukiwa umesimama upande wa barabara nikupe vipimo.

---

#44 NyumbaYaMwisho (saa 4:40 usiku)

Kesho mchana nitaipiga, usiku huu giza. Barua naiandika sasa hivi.